Mtoto Hapiti Mdomoni

Siku ile Butiama tulikuwepo hawa. Mdogo wangu Nyangeta, amelala kwenye mkeka, uchungu umemshika tangu jana yake. Bibi Wegesa, mama mkwe wake, ameketi kizingitini, mgongo wake umeuziba mlango. Nyabise, shangazi wa mume, ameshika kibuyu cha maji. Bhoke, jirani, aliyekuja kusaidia akakosa cha kusaidia, akawa anafukuza kuku. Magesa, mume wa Nyangeta, nje chini ya upenu, anachonga kijiti kisicho na kazi. Juma, dereva wa gari tulilokodi Musoma, amefungua milango yote ya gari ili joto litoke. Mimi. Na Mkunga.

Nimewataja wengine kwa majina, yeye sikumtaja. Si kwamba jina lake limenitoka. Limeshasemwa sana, kutoka Butiama mpaka Bunda, na waliolisema hawakulisema vizuri. Nitamwita Mkunga, kama tulivyomwita mtaani kwetu Kamunyonge, Musoma, hata baada ya kustaafu, wakati hakuwa tena na zahanati wala koti jeupe.

Nikimkumbuka, mikono yake ndiyo inayotangulia kuja. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, na vidole vilikuwa na weupe fulani, kama vya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Alinawa mpaka kwenye viwiko hata akitaka kumenya chungwa. Mchana, jua likiwa kali na ziwa limenyamaza, alikuwa akilala akiwa ameketi kwenye benchi la barazani kwake, na mikono hiyo ikawa inaendelea na kazi. Nilikuwa nikipita na ndoo yangu ya dagaa, naiona inapapasa hewani polepole, inazungusha kitu, inapokea kitu chenye utelezi, halafu inatulia mapajani. Midomo nayo ilikuwa ikisema: "Bado, bado. Usisukume. Pumua kwanza." Watoto wa mtaani walikaa chini wakimtazama kama watu wanaotazama mvua. Hawakucheka. Nadhani kila mmoja alidhani ni yeye anayepokelewa.

Akiamka aliuliza, "Nimesema nini?"

"Umesema tusisukume."

"Basi msisukume," anasema, anasinzia tena.

Mimi ni wa kwanza kwetu. Baba alitangulia, mama akafuata siku aliyomzaa Masatu, mdogo wetu wa mwisho. Tulikaa Mugango wakati huo. Masatu alizaliwa nyumbani, damu ya mama ikakataa kukata, na tulipofika zahanati juu ya mkokoteni mama alikuwa ameshanyamaza. Mkunga ndiye aliyetupokea mlangoni. Hakulia, na kwa muda mrefu nilimchukia kwa hilo. Alimwangalia mama, akamfumba macho, halafu akamchukua mtoto, akamsafisha, akamfunga katika kitenge cha mama, akatoka naye nje tulipokuwa tumesimama.

"Mkubwa ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Haya, mkubwa, shika. Kichwa kwanza. Ukishika kichwa vizuri, mwili utajileta."

Nilikuwa nimevaa sketi ya shule, darasa la sita. Sikuivaa tena. Na yeye hakuniita jina lingine tangu siku hiyo. Hata nilipohamia Kamunyonge na wadogo zangu kufuata biashara ya dagaa, na yeye akawa amestaafu anakaa kwenye nyumba ya marehemu mume wake mitaa miwili kutoka kwangu, nilikuwa Mkubwa tu. "Mkubwa, umekula?" "Mkubwa, huyo Masatu masikio yake hayasikii au hayataki?"

Alikuwa na misemo yake, na mingi ilihusu kuzaa hata pale ambapo hakuna anayezaa. Mtu akiharakisha jambo, alimwambia, "Njia haijafunguka." Mtu akilalamika sana: "Uchungu una mapumziko, pumzika." Lakini ule aliousema kuliko yote ni huu: mtoto hapiti mdomoni. Huku kwetu kuna nyumba ambazo mzazi akichelewa kujifungua, wakubwa humwambia ataje. Ataje mwanaume aliyelala naye nje ya ndoa, kwa sababu siri ndiyo iliyomfunga mtoto njiani. Akitaja, humpulizia maji tumboni, njia inafunguka. Asipotaja, wanasubiri ataje. Mkunga alikuwa amepokea wengi waliosubiriwa hivyo. Alisema wengine aliwapokea wakiwa wametaja majina ya wanaume ambao hawajawahi kuwaona, ya wauza mkaa waliopita mara moja tu, ya wajomba, ili mradi waachwe. "Na mtoto yuko palepale," alisema. "Mnakuwaga na maneno mengi. Mtoto hapiti mdomoni."

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ukali usio na sababu. Kuna mama mmoja hapa mtaani ambaye hadi leo hamsalimii, kwa sababu miaka ile ya zahanati alimchapa kofi pajani akimwambia, "Ulipokuwa unafanya hukulia hivi." Mkunga mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Nikamuuliza kama amewahi kumwomba msamaha. Akasema, "Huwa najiandaa. Nikimwona naanza kuangalia ziwa." Huyohuyo aliyechapa watu hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu ikifika aliita kijana wa jirani, kisha akaingia ndani na kufunga mlango, na ukimwambia tayari, anauliza kwa ndani, "Ameacha kupiga mabawa?" Mwanamke aliyesimama kwenye damu maisha yake yote.

Alifunga, aliswali, na asubuhi baada ya swala alitembea kando ya ziwa viatu mkononi, maji yakimgusa na kumwacha. Wasichana walijua saa hiyo. Walimfuata wakijifanya wanaoga au wanateka maji. Mmoja ana watoto watatu na hajafika miaka ishirini na mitano, mwingine mume wake hataki kusikia habari ya uzazi wa mpango. Mkunga hakutoa dawa wala hakuzalisha mtu nyumbani, alisema wakati wake umepita na vifaa viko hospitali. Alichofanya ni kusindikiza. Aliwapeleka kliniki kuwekewa vijiti, akaketi nao kwenye benchi, akawasimulia mambo ya kuchekesha mpaka zamu yao ifike. Mume mmoja alimfuata mpaka barazani.

"Bibi, wewe ndiye umemfundisha mke wangu mpango?"

"Mpango upi, baba?"

"Wa uzazi."

"Kumbe mlikuwa na mpango? Ulikuwa wa nani?"

Yule mwanaume akasimama pale, watu wanamtazama. Akasema, "Wa Mungu."

"Mungu alikwambia asinyonyeshe huyu mpaka ashibe?" Akamsogezea kiti. "Kaa, unywe chai. Ukishakunywa, unigombeze vizuri."

Alikunywa. Kugombeza akasahau.

Mimi mwenyewe sikuzaa. Nililea watatu, na walipokua niliona nimeshatosheka, kama mtu aliyekula kwa jirani akafika kwake ameshiba. Watu hawakuliona hivyo. Kanisani niliombewa bila kuomba. Wanawake tunaoanika nao dagaa walinipigia hesabu ya umri kwa sauti. Mkunga aliniuliza mara moja tu, tukiwa tumeketi tunachambua mchele.

"Wewe unataka?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Wengine walikuwa wanauliza lini. Nikafikiri, nikasema, "Hapana. Nadhani sitaki."

"Haya," akasema, akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. Habari hiyo ikaishia pale, miaka yote.

Sasa niseme ya Butiama.

Nyangeta aliolewa na Magesa kwa kupendana, na mimi niliridhika, maana Magesa ni mpole. Upole wake una kasoro moja tu, kwamba anaugawa kwa watu wote, hata kwa wanaomkosea mkewe. Mimba ilipokaribia nilimwomba Nyangeta aje kwangu, ajifungulie hospitali ya mjini. Mama mkwe akakataa. Huyu alikuwa kifungua mimba, na kondo la nyuma la kifungua mimba lilipaswa kuzikwa nyuma ya nyumba ya bibi yake, ili mtoto ajue pa kurudi. Wakikaa hospitali, nani atawapa kondo wakalizike? Nyangeta akabaki. Asubuhi moja Bhoke akanipigia simu akinong'ona: "Dada, huku si kuzuri. Tangu jana." Nikaenda mbio kwa Mkunga. Alikuwa barazani, viatu bado vina mchanga wa ziwani. Hakuuliza kitu. Alinawa mpaka viwikoni, akasema, "Tafuta gari ambalo dereva wake haogopi makelele."

Tulipofika jua lilikuwa utosini. Nakumbuka ule mchana kama kitu nilichokiona kupitia maji. Vilima vimekaa kimya, mihogo imeanikwa juu ya jiwe jeupe, na harufu yake kali imejaa uani. Ndani giza na ubaridi. Nyangeta aligeuza kichwa akaniona, akasema, "Dada, sina wa kumtaja." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mkunga alipiga magoti, akamshika tumbo kwa mikono yake ile, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akafumbua.

"Mtoto amekingama tumboni. Hawezi kupita hivi, hata tukae hapa mpaka mavuno. Anatakiwa kupasuliwa. Gari lipo. Mkubwa, shika miguu."

Bibi Wegesa hakuondoka mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hili kwa sababu wengi wanaohadithia wanamfanya mchawi. Alikuwa analia.

"Haondoki na siri tumboni," alisema. "Akiondoka hivyo atafia njiani, yeye na mjukuu wangu. Mimi nilikuwa hivihivi na huyu Magesa. Nilitaja. Ndiyo maana unamwona pale nje."

"Ulitaja nani?" Mkunga akauliza.

"Hilo liliisha."

"Basi tuanze na wakubwa," Mkunga akasema. "Kama siri inafunga njia, humu ndani tumejaa siri. Shangazi Nyabise, wewe anza. Taja."

Nyabise akashtuka. "Mimi nitaje nini, mimi mjane?"

"Wajane ndio mna muda."

Bhoke akacheka akaziba mdomo, na hata Bibi Wegesa akaguna kati ya machozi. Lakini hakusogea. Mkunga akaita nje, "Magesa, baba, mwambie mama yako atupishe." Magesa akajibu kutoka upenuni, sauti ndogo, "Mama, mimi nawaachia ninyi." Mkunga akamtishia bibi kwa mtendaji wa kijiji. Bibi akasema mtendaji naye alizaliwa kwa kutajiwa. Nyangeta akapiga ukelele mmoja, halafu sauti ikamwisha, akabaki anaufungua mdomo bila kutoa kitu. Nikajua ule ukimya. Niliwahi kuusikia juu ya mkokoteni.

Ndipo Mkunga akaketi chini. Alivua mtandio wake, jambo ambalo sijamwona akilifanya mbele ya wageni, akaukunja, akauweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa.

"Mnatafuta kwa mtoto wa watu," akasema. "Siri iliyoingia humu ni yangu. Mimi ndiye niliyemshika tumbo. Mkono wenye siri hufunga, au ninyi hamjui hilo?"

"Tunajua," Nyabise akasema taratibu.

"Mwanangu wa pili, yule fundi wa Bunda, si wa marehemu mume wangu."

Bhoke akaacha kufukuza kuku.

"Ni wa nani?" Bibi Wegesa akauliza.

Akamtaja mwanaume, fundi saa wa zamani pale Musoma, ambaye alikuwa amekwisha kufa na hakuna wa kumuuliza.

"Apa."

Akaapa. Kwa jina la Mungu, mtandio mapajani.

Bibi Wegesa akainuka. Alichukua kibuyu, akanywa funda moja, akalipuliza juu ya tumbo la Nyangeta, kisha juu ya mikono ya Mkunga. Halafu akawa wa kwanza kumwinua mkwewe kwa mabega, akilia, akimwita mwanangu, mwanangu, twende. Magesa akaja mbio. Juma, aliyekuwa amesimama dirishani na amesikia yote, akawasha gari.

Barabarani kichwa cha Nyangeta kilikuwa mapajani pangu. Bibi Wegesa aliketi mbele na Juma. Mkunga, mkono mmoja juu ya tumbo, aliniegemea sikioni.

"Yule mwanangu wa Bunda ni wa baba yake," akanong'ona. "Usinitazame hivyo. Mtazame mdogo wako."

Hospitali walimpokea mara moja, wakampasua, na mtoto wa kike akatoka akiwa amekunja uso kama mtu aliyeamshwa. Nyangeta alipona. Yule mtoto sasa anakwenda chekechea, anaimba njia nzima.

Hapo ndipo ilipokuwa heri na hapohapo ndipo ilipoharibika. Kwa sababu Butiama hawakusema daktari amempasua. Walisema mtu alitaja, njia ikafunguka. Bibi Wegesa alisimulia kwa kumsifu Mkunga, kwamba ni mwanamke jasiri, amejivua nguo ili mwanamke mwenzake apone. Wanawake wengine wakalichukua kama ushahidi. Nilimkuta Mkunga barazani wiki chache baadaye, hajasinzia, anatazama mikono yake.

"Miaka yote nimekuwa nazima huo moto," akasema. "Siku moja nimeumwagia petroli mwenyewe."

"Umemwokoa Nyangeta."

"Nimemwokoa, ndiyo. Mengine je, yanaachwa kusemwa?"

Alifunga siku za kafara kwa ajili ya kile kiapo. Alitembea ziwani mpaka maji yakamfika magotini, na wasichana wakamngoja ufukweni bila kumwita.

Habari haikubaki Butiama. Juma hubeba abiria, na abiria hubeba maneno. Ilifika Bunda, Nyasura, kwenye karakana ya mwanawe wa pili, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Hakuna aliyemwambia usoni. Aliisikia katika hitma ya baba yake, ndugu walipokusanyika Musoma kumsomea marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kuwapokea watu mlangoni kila mwaka. Mwaka ule baba yake mdogo alimgusa bega, akamwambia kwa upole, "Kaa tu nyuma, baba. Tutapokea sisi." Akakaa nyuma. Mtu mzima, ana watoto, amekaa nyuma karibu na viatu.

Alimwendea mama yake usiku uleule. Mkunga akamwambia ukweli wote: kwamba alidanganya, kwamba kulikuwa na mwanamke anakufa, kwamba masikio anayoyaona kwenye kioo ni ya baba yake. Mwanawe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Butiama uliapa kwa Mungu," akasema. "Hapa nako unaapa kwa Mungu. Mama, nishike kiapo kipi?"

Hakurudi tena Kamunyonge.

Nilitaka kumfuata siku ileile nilipoambiwa. Mimi nilikuwepo, nilinong'onezwa ndani ya gari wakati mtoto bado yuko tumboni, kabla hakujakuwa na aibu yoyote ya kuifunika. Neno langu lina uzito ambao lake limeupoteza. Mkunga akanikatalia, na sababu yake ilikuwa Nyangeta.

"Ukimwambia fundi, atawaambia baba zake wadogo, maana ndiko anakotaka kusafishwa. Wao watasema kila mahali. Itafika Butiama kwamba hakuna aliyetaja. Bibi Wegesa atajiuliza ni siri gani basi iliyokuwa inamfunga. Na mdogo wako atazaa tena, kwenye nyumba ileile, mlango uleule."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazaa, Mkubwa."

Hivyo tukakaa. Miaka ikapita kama inavyopita Musoma, dagaa wanapatikana, dagaa wanaadimika. Magoti ya Mkunga yakachoka, na binti yake mkubwa akaja kumchukua, akampeleka Bunda.

Mwaka huu Nyangeta akawa na mimba ya pili. Nilipopata nafasi nilikwenda Nyasura kumjulia hali Mkunga, nikiwa na fungu la dagaa wakavu na ndizi. Nilimkuta amekalishwa upande wa nyuma wa nyumba, kwenye kiti chenye mto, amefumba macho. Ilikuwa alasiri, joto lile la Bunda lisilo na ziwa karibu. Mikono ilikuwa imetulia mapajani. Hilo lilinitisha kuliko kukonda kwake.

"Mkubwa," akasema kabla sijasalimia.

"Shikamoo, mama. Umenijuaje?"

"Unanuka dagaa. Kaa. Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Kutoka mahali, nyuma ya nyumba za jirani, ikaja sauti ya mashine ya kukatia chuma, kali, ndefu, halafu ikakata.

"Huyo," akasema. "Anaanza asubuhi. Akiwasha mapema najua amelala vizuri. Adhuhuri anazima, anakwenda kula. Jana hakuwasha, nikakaa hapa nimeshika roho. Kumbe umeme ulikatika mtaa mzima."

"Hajaja kukuona?"

"Anatuma watoto. Wanakuja na matikiti."

Mashine ikawaka tena. Uso wake ukalegea kama wa mtu anayebembelezwa. Tulikaa ndani ya kelele ile kama tulivyokuwa tukikaa zamani ndani ya mawimbi, na kwa kitambo sikujua kama tuko Bunda au barazani kwake.

"Nyangeta yuko miezi mingapi?" akauliza.

"Anakaribia. Bibi Wegesa amekubali aje kwangu wiki mbili kabla, azalie hospitali. Alisema mwenyewe: safari ile njia ilifunguka, sasa naamini itafunguka tena."

"Umeona? Anaamini."

"Anaamini uongo, mama."

"Anaamini, na mlango uko wazi. Acha kwanza mtoto apite."

"Nikitoka hapa napita kwa fundi," nikasema. "Ni hatua chache tu. Siwezi kupita nikatazama pembeni."

Akafumbua macho. Yalikuwa na ukungu, lakini yaliniona. Mkono wake ukainuka, ukanishika kifundo cha mkono, na ulikuwa bado na nguvu ambayo mwili wake wote haukuwa nayo.

"Salimia, upite. Mpaka Nyangeta azae. Baada ya hapo mimi sikuzuii. Aulizwe yeye. Nyumba ni yake, tumbo ni lake, mimi nilimsemea mara moja tu na inatosha."

Nikapita. Karakana yake iko wazi upande wa barabara, mageti yameegemezwa kwenye ukuta, cheche zinaruka. Aliponiona alizima mashine, akainua kinyago chake cha kuchomelea. Sijui kama watu wengine wanayaona yale masikio. Mimi niliwahi kumwona baba yake, mwenye miwani, na masikio yake ndiyo haya.

"Shikamoo dada," akasema. "Umetoka kwa mama."

"Marahaba. Ndiyo."

"Anakula?"

"Kidogo. Matikiti anayapenda."

Akafuta mikono kwenye suruali, akasogea. Kijasho kilikuwa kinamshuka kwenye masizi. "Nasikia wewe ulikuwepo. Butiama."

"Nilikuwepo."

Alisimama tu akinitazama, na mimi nikaona jinsi mtu mzima anavyoweza kusimama akisubiri kuzaliwa. Neno lilikuwa tayari, fupi, ningelisema huku nimesimama barabarani.

"Mdogo wangu anajifungua hivi karibuni," nikasema. "Akishapona nitakuja. Utazima mashine, tutakaa."

"Kwa nini si leo?"

"Leo ruhusa si yangu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kuambiwa kesho. "Karibu dada," akasema, akashusha kinyago. Mashine ikawaka nyuma yangu, nikawaza jinsi kule nyuma ya nyumba kulivyo na mtu anayehesabu kuwa mwanawe amerudi kazini.

Nyangeta amejifungua, mtoto wa kiume, salama, hospitali ya mjini. Bibi Wegesa alikuwepo kwenye benchi la nje, ameshika kanga, na safari hii wauguzi walimpa kondo lake kwenye ndoo yenye mfuniko, akaenda kulizika kama alivyotaka. Hakuna aliyemwambia mtu ataje. Wamelala sasa chumba cha pili, mama na mtoto, nawasikia wakipumua wakati naandika haya.

Juzi nilimhadithia Nyangeta yote. Alikuwa ananyonyesha. Nikafikiri nimekosea kumwambia mapema, na maziwa yatakauka.

"Kwa hiyo yule kaka amekaa nyuma miaka yote hii," akasema, "kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yenu wawili. Wewe na mtoto."

"Nenda kamwambie, dada."

"Na Butiama?"

"Wakiniuliza nitawajibu mimi. Kabla sijatoka hospitali nimewekewa vijiti, Magesa anajua. Nikitaka wa tatu nitajua mwenyewe, na nitajua nitazalia wapi." Akamhamishia mtoto upande wa pili, akanitazama. "Mbona bado umekaa?"

Nimekaa kwa sababu mvua imenyesha tangu juzi na dagaa wote wako chini ya turubai, nisipowageuza wataoza. Hiyo ni sababu ya kweli. Ya pili ni kwamba nafanya mazoezi ya kusema. Nikiwa peke yangu nasema, "Kaka, wewe ni wa baba yako," na kila mara linatoka dogo mno, ukilinganisha na muda alioketi karibu na viatu. Na hata nikilisema vizuri, nitakuwa nimemlipa yeye tu. Mama yake nitakuwa sijamlipa.

Gari la kwanza la Bunda linaondoka stendi alfajiri. Nguo za safari nimeshazitoa.